Msaada wakuu: programu gani nzuri ya kuangalia na kugawa intaneti chuoni? Laini ni ya Mbps 20, vifaa karibu 180

mtandao_uyole
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo maana nimekwama na bosi anataka jibu Ijumaa.

Niko chuo kidogo cha ufundi hapa Mbeya, kompyuta na mtandao wote naangalia mimi peke yangu. Tuna laini ya faiba ya Mbps 20, lab ina kompyuta 40, ofisi kama 12, alafu kuna hosteli wanafunzi wanaingia na simu zao, jioni unakuta vifaa karibu 180 vimeshika waifai. Asubuhi na mapema intaneti iko poa kabisa. Ikifika saa nne inaanza kusuasua, inatulia mchana, na kuanzia saa moja jioni ndo haifai kabisa. Wiki iliyopita mhasibu alikuwa anaingiza malipo kwenye mfumo, ukurasa unazunguka weee mpaka unamtoa nje anaanza upya, kazi ya nusu saa ikamkalisha mpaka saa tatu usiku na mimi nimekaa pembeni yake sina cha kumwambia. Imeniuma sana. Nikipima spidi muda huo mara inasoma 15, mara 2, mara haifiki hata 1.

Waliotufungia laini wanasema kwao kuko sawa, tuongeze kifurushi. Kuna muuzaji naye kaja na programu ya kusimamia mtandao, milioni nne na nusu kwa mwaka, anasema ukishaifunga kila kitu kinakaa kwenye mstari. Nimetafuta mwenyewe nikakutana na majina mpaka kichwa kikauma, PRTG, Zabbix, LibreNMS, Cacti, ntopng, kila moja ina watu wanaisifia. Mwenye uzoefu anisaidie, nichukue ipi?

kijana_wa_swichi
Mkuu kabla hujalipa kitu taja mambo matatu. Rauta ni ya aina gani, hiyo 20 ni ya kushusha tu au na kupandisha pia, na akses pointi (vile visanduku vya waifai) za hosteli zinaingia rauta ileile ya ofisi? Bila hapo tutakuwa tunapiga ramli tu.

mtandao_uyole
Rauta ni MikroTik, ile ndogo ya hEX, RouterOS toleo la 7, na aliyeifunga aliacha setingi zilivyotoka kiwandani akaongeza tu laini. Kushusha ni 20, kupandisha 5. Hosteli inaingia kwa waya mmoja palepale kwenye rauta, wote wako mtandao mmoja.

fundi_waya_moro
Basi kaka programu ya kwanza unayo tayari na imeshalipiwa, iko ndani ya hiyo rauta. Naomba nikuandikie kwa kirefu maana hili jambo nimeona watu wengi wanapoteza hela.

Hapo kuna kazi tatu na watu wanazichanganya. Kazi ya kwanza ni kujua SASA HIVI nani anakula laini. Ya pili ni kuweka kumbukumbu, yaani mwezi mzima laini ilikuwaje, saa ngapi inajaa, poti gani ya swichi inabeba mzigo. Ya tatu ni kugawa, huyu apate kiasi gani na yule kiasi gani. Hayo majina uliyotaja, PRTG, Zabbix, LibreNMS na Cacti, yanafanya kazi ya pili. Hayapunguzi spidi ya mtu hata kidogo, yanakuchorea grafu na kukupigia kelele kikiharibika kitu, basi. Kazi ya tatu inafanyika kwenye rauta, sababu pakiti zote, yaani vile vipande vya data, zinapita pale, programu iliyokaa kwenye kompyuta pembeni haina mkono wa kuzizuia. Kwa iyo muuzaji akikwambia ukifunga programu yake kila kitu kinakaa kwenye mstari muulize inazuiaje, kama jibu ni kwamba inaiamrisha rauta, basi hiyo rauta unaweza kuiamrisha mwenyewe.

Sasa fanya hivi leo jioni, muda ule inapokuwa mbaya. Fungua Winbox, ile programu ya kuingilia setingi za MikroTik, nenda Tools, kisha Torch. Pale kwenye interface chagua bridge ya ndani, yaani lile kundi la poti za ndani, usichague poti inayotoka nje, maana nje ukiangalia kila mtu anaonekana kwa anwani moja ya rauta na hutajua nani ni nani. Bonyeza Start. Zitaanza kushuka mistari, kila mstari ni anwani ya kifaa na spidi yake sekunde hiyo. Hapa kuna kitu kinachanganya watu, kwa kuwa unaangalia upande wa ndani, Rx ni kile rauta inachopokea kutoka kwa mtumiaji, yaani anachopandisha, na Tx ndo anachoshusha. Bonyeza kichwa cha safu ya Rx zijipange kubwa juu, angalia dakika mbili tatu, alafu fanya hivyohivyo Tx. Anwani ukiipata nenda IP, DHCP Server, Leases, ndo orodha ya vifaa vilivyopewa anwani, utaona jina la kifaa.

Na nakuomba uanze na kupandisha. Una 5 tu ya kupandisha na simu 180. Kijana akitoka darasani simu ikashika waifai tu, picha na video zote alizopiga mchana zinaanza kwenda bakapu zenyewe, hajagusa kitu. Na kupandisha kukijaa, kushusha nako kunakufa, hata kama kule kuna nafasi tele. Iko hivi, kompyuta yako ikishusha kitu inarudisha risiti ndogondogo kwa aliyetuma kwamba kipande kimefika, leta kingine. Risiti hizo zinapita njia ya kupandisha. Njia ikiziba, risiti zinakaa foleni na yule anayetuma anapunguza mwendo akizisubiri. Ndo maana unapima unakuta 15, dakika moja baadaye unakuta 2. Mimi laini ya 20 inayoyumba hivyo naishuku foleni kabla sijaishuku kampuni.

Ukimaliza lete majibu hapa hapa.

salha_it
Mi natumia PRTG ofisini mwaka wa nne sasa na sina shida nayo, inakaa kwenye Windows na kama unaweza kufunga programu ya kawaida basi na hiyo utaweza, siku hiyohiyo unaona grafu. Ni bure mpaka sensa 100. Ila uelewe sensa siyo kifaa, kila kitu kimoja unachopima ni sensa, poti moja ya swichi sensa, pingi (kugonga kifaa uone kama kinajibu) sensa, joto la rauta sensa. Swichi mbili za poti 24 peke yake ni 48 hizo. Chuo chako kinatosha humo ukichagua poti za maana tu, ukitaka kila poti zitaisha na hapo bei inaanza. Nakubaliana na fundi kwamba haigawi spidi, mimi naitumia nijue swichi ipi imezima kabla watu hawajanipigia.

malindi_net
Ndugu yangu wa Mbeya salama. Mimi niko Malindi nashughulikia mtandao wa hoteli mbili, wageni wakija msimu ni simu na laptopu mia mbili na zaidi kwa laini moja, kwa hivyo hiyo jioni yako naijua vizuri.

Kwa kumbukumbu mimi nakushauri LibreNMS. Ni ya bure, haina hesabu ya sensa wala kifaa, na kwa ukubwa wako kompyuta kuukuu ya lab iliyo na RAM ya 8 inatosha kabisa, weka Ubuntu juu yake. Unawasha SNMP, ile njia ya kifaa kutoa namba zake kikiulizwa, kwenye rauta na swichi, unaandika anwani, yenyewe inatambua poti zote na kuanza kuchora. Zabbix ni nzuri tena inaweza mengi zaidi, lakini inataka uikalie chini uisome, na wewe uko peke yako. Nimetumia zote mbili na kwa mtu mmoja naona LibreNMS haichoshi kama Zabbix. Zabbix na MikroTik zote zimetoka mji mmoja, Riga kule Latvia, mimi nilipojua nilifurahi sijui kwa nini.

Lakini nikuonye jambo moja ambalo liliniponza mimi mwaka mzima. Baadhi ya hizi programu, LibreNMS ikiwemo, kwa kawaida zinapima kila baada ya dakika tano kisha zinakuandikia wastani. Sasa chukua mtu amejaza laini yako yote ya 20 kwa sekunde 30 halafu akaacha. Sekunde 30 ndani ya dakika tano ni sehemu moja ya kumi, kwa hivyo grafu inakuandikia 2. Mbili! Wewe unaangalia unaona laini tupu, na mgeni yuko mapokezi analalamika simu ya video imekatika, na yuko sahihi. Usije ukamwambia mtu hakuna tatizo kwa sababu grafu imelala.

Ndiyo maana pamoja na LibreNMS naweka Smokeping. Hiyo haipimi spidi, inapiga pingi nyingi mfululizo na kuchora zinachukua muda gani kurudi na ngapi zimepotea. Elekeza moja kwa rauta yako, moja kwa kituo cha kwanza cha kampuni nje ya rauta, moja mbali. Ukiona ya rauta yako ni nyoofu na ile ya pili imechafuka wakati Torch inaonyesha laini ina nafasi, hiyo ni karatasi ya kupeleka kwa kampuni. Ikichafuka wakati laini imejaa, tatizo liko kwako ndani. Aliyeitengeneza ni Tobias Oetiker, yule yule wa MRTG, programu ya kuchora grafu za laini, na MRTG yenyewe aliianza mwaka 1994 mahali alipokuwa akifanya kazi, walikuwa na laini moja tu ya kilobiti 64 kwa sekunde na kila mtu anauliza inaendaje. Chuo chako na laini yako moja ndiyo hali ile ile iliyozaa hizi grafu zote.

Mengine mafupi: kwenye SNMP usiache lile neno la siri public linalokuja nayo, libadilishe na ruhusu anwani ya seva yako peke yake. Na hiyo kompyuta ya kumbukumbu iweke kwenye UPS pamoja na rauta, stima ikipotea ndipo hasa unataka kujua nini kilizimika kwanza.

kijana_wa_swichi
Na ntopng je? Inaonyesha mpaka watu wanafungua nini.

fundi_waya_moro
ntopng ni chombo kizuri kwa kweli, jinsi inavyopanga mazungumzo ya kila kifaa hakuna ya bure inayoifikia. Ila inataka ioneshwe pakiti zenyewe, yaani swichi yenye uwezo wa kunakili poti, au uipelekee NetFlow (muhtasari wa kifaa gani kimewasiliana na wapi) kutoka rauta, na kupokea NetFlow inahitaji nProbe, programu nyingine ambayo inalipiwa. Kwa shida ya huyu ndugu naona ni mbali mno.

wakili_wa_data
Naomba nichangie upande mwingine. Mtandao mwingi sasa umefungwa kwa HTTPS, yaani kwa maandishi ya siri, kwa hiyo programu yoyote inaona jina la tovuti au anwani tu, haioni kilichoandikwa ndani. Lakini hata hayo majina ni habari ya mtu. Mwanafunzi anayesoma usiku kuhusu ugonjwa wake, jina la tovuti peke yake linatosha kumtangaza. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na chuo kinachokusanya taarifa za wanafunzi kwa majina kinahusika nayo. Ndugu mtandao_uyole tafadhali pima kiasi, usipime tabia. Ukihitaji kurekodi zaidi ya hapo, bandika tangazo hosteli kwamba mnarekodi nini, kwa sababu gani na mnakaa nayo siku ngapi, na usimpe mlezi wa hosteli paswedi ya hiyo seva. Nimeshaona orodha ya namna hiyo ikitumika kumdhalilisha binti mbele ya wenzake, na aliyeitengeneza alikuwa na nia ya kujua bando tu.

mtandao_uyole
Wakili nashukuru sana, hilo nilikuwa sijaliwaza hata kidogo. Nitapima kiasi tu.

Jamani nimerudi na majibu. Jana saa moja na nusu jioni nikafungua Torch kama fundi alivyosema, nikapanga kwa Rx. Mstari wa kwanza kabisa juu unasoma 3.1M, umekaa palepale hauyumbi, simu zote chini yake zinacheza kwenye kilobiti mia, mia mbili. Nikasema huyu ni mwanafunzi gani. Naenda Leases, kifaa hakina jina, kina anwani ya maki (MAC, namba ya kiwandani ya kifaa) tu. Nikazunguka na waya mmoja mmoja kwenye swichi, nachomoa, naangalia Torch, narudisha. Waya wa kumi na moja ule mstari ukapotea. Nikaufuata mpaka chumba cha mlinzi getini, ni ile mashine ya kurekodi kamera! Aliyezifunga aliweka kila siku kuanzia saa kumi na mbili jioni itume nakala ya video za mchana kwenye hifadhi ya nje. 3.1 kati ya 5. Miezi minane hiyo tangu kamera zifungwe, na miezi yote hiyo tunawalaumu wanafunzi.

Leo saa nne nikaangalia tena, kipindi cha lab kinaanza saa nne, mashine zote 40 zinawashwa kwa pamoja na Tx ikajaa 20 hapohapo. Anwani zote za lab. Windows apdeti.

Sasa shida. Mashine ya kamera nimeiwekea Simple Queue, ile sehemu ya rauta ya kuweka kikomo cha spidi, kupandisha isizidi 512k. Haishiki. Nimeangalia anwani mara tatu iko sawa, na ile queue namba zake zinasoma sifuri kabisa kama hakuna kinachopita, huku mashine bado inatuma 3.1 ileile. Nakosea wapi?

fundi_waya_moro
Hujakosea mahali, hongera kwa kuzunguka na waya, wengi wangekata tamaa waya wa tano.

Sifuri kwenye queue na setingi za kiwandani, hiyo ni FastTrack. Nenda IP, Firewall, Filter Rules, utaona mstari wenye action ya fasttrack connection. Kazi yake ni kupitisha mawasiliano yaliyokwisha kukubaliwa kwa njia ya mkato ili rauta isichoke, na njia hiyo ya mkato haipiti kwenye Simple Queue. Izime huo mstari mmoja, usiguse mingine. Mawasiliano yaliyokwisha kushika njia ya mkato yatabaki nayo mpaka yaishe, kwa iyo fungua Connections ufute ya ile kamera au washa rauta upya. Mzigo kwenye rauta utapanda kidogo, kwa Mbps 20 hEX haitahisi kitu.

Pili, tenganisha hosteli. Ule waya wake utoe kwenye bridge, upe anwani zake na DHCP yake. Na lab nayo ukiweza. Alafu tengeneza queue moja mama ya mtandao wote, kushusha 18M, kupandisha 4500k. Usiweke 20 na 5 zenyewe, hapo ndo watu wanakosea. Ukiweka chini kidogo ya laini, foleni inakaa kwenye rauta yako unapoweza kuipanga, ukiweka sawasawa na laini foleni inahamia kwenye vifaa vya kampuni ambako huna sauti. Chini ya mama weka watoto watatu, ofisi, lab, hosteli, kila mmoja limit at ya 6M kushusha na 1500k kupandisha, na max limit 18M na 4500k. Maana yake kila mmoja ana uhakika wa kipande chake, na wenzake wakilala anaruhusiwa kuchukua chote. Ofisi ipe priority 1. Hosteli na lab chagua aina ya PCQ, inagawa sawa kwa kila kifaa, simu moja haiwezi kula ya wenzake. Ofisi mimi ningeweka fq_codel, aina ya foleni inayozuia pakiti kukaa sana zikisubiri, RouterOS 7 inayo, utaitengeneza kwanza kwenye Queue Types.

Tatu, lab. Piga hesabu uone. Laini ya Mbps 20 ni megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Apdeti kubwa tuseme GB 4, mashine moja inachukua kama dakika 27 ikiwa na laini yote peke yake. Mara 40 ni karibu saa 18, zote zinashusha kitu kilekile. Kwenye setingi za Windows kuna Delivery Optimization, ruhusu zichukuliane zenyewe kwa zenyewe ndani ya mtandao wenu, PC za mtandao wa ndani tu, siyo za intaneti. Zinagawana vipande. Kisha Ijumaa jioni ziache zimewaka.

Na kamera usiizime, video za getini zina kazi yake. Badilisha tu muda, itume saa saba usiku mpaka alfajiri.

malindi_net
Hapo kwa FastTrack nimejifunza leo, mimi kule nilikuwa nimeizima bila kujua kwa nini queue ziliamka.

mtandao_uyole
Wakuu nimezima ule mstari, queue ikaanza kuhesabu palepale, namba ya kamera ikashuka mpaka 512k mbele ya macho yangu. Baadaye nimeihamisha saa saba usiku na kizuizi nimekitoa. Hosteli nimeitenga jana, lab bado nasubiri swichi. Nikiwa hosteli saa mbili usiku nilimwomba kijana mmoja apige simu ya video kwao Tukuyu, ikaenda mpaka mwisho bila kugandaganda.

LibreNMS nimeiweka kwenye kompyuta moja ya lab iliyokuwa imetupwa stoo, Smokeping nitaiweka wikiendi. Bosi kauliza vipi kuhusu ile milioni nne na nusu, nimemwandikia UPS moja na swichi ya lab, karatasi ameisaini leo mchana. Mhasibu amefunga ofisi saa kumi na moja na dakika kumi.